Madamu wa Vitu Chakavu

Ukitaka kumuudhi Madamu, muulize bei kabla hujamsalimu. Kuna bwana mmoja wa Arusha, mwenye pesa zake na haraka zake, aliandika mtandaoni "bei gan" chini ya picha ya pasi ya mkaa yenye jogoo kwenye kifuniko. Madamu akamjibu kwa maneno mawili tu: "Salamu kwanza." Yule bwana akanuna, akapotea. Baada ya siku kadhaa akarudi na shikamoo iliyonyooka na habari za Mtwara, akaitikiwa marahaba, akaulizwa hali ya watoto, kisha akaelezwa kwamba pasi ilishakwenda Morogoro.

Huyo ndiye aliyekuwa jirani yangu mtaa wa Rahaleo, Mtwara, ukuta kwa ukuta, miaka yote niliyokuwa karani bandarini. Alifundisha Sayansikimu sekondari mpaka akastaafu, na nusu ya mji ule imejifunza kwake kutia kiraka, kukanda unga na kunawa mikono. Kwa hiyo hakuna aliyehangaika na jina lake. Sokoni alikuwa Madamu, kanisani Madamu, na hata kwa wauza samaki wa Mikindani, ambao hawakuijua shule aliyofundisha, alikuwa Madamu vilevile. Mimi hakunifundisha chochote ila kuvumilia harufu ya ndimu na majivu asubuhi, maana ndivyo alivyosugulia vyombo vya shaba upande wake wa ukuta, huku akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili. Sauti ya kwanza sikuwahi kuisikia kwake, hivyo hadi leo kuna nyimbo nazijua nusu.

Alipostaafu, wanawe wawili, wote watumishi wa serikali Dodoma, walikuja kumchukua. Niliitwa kushuhudia mazungumzo, kama jirani, nikakaa na sahani ya pilau mapajani. Mkubwa, ambaye ndiye msemaji wao, akaeleza kwamba chumba cha mama kimeshaandaliwa. Kina feni, kina televisheni, kina mlango wake wa nje. Alikisifia kama mtu anayesifia banda la sungura. Madamu alimsikiliza hadi mwisho, akamwongezea kachumbari, ndipo akasema haendi. Alitaka kubaki Mtwara na kula kwa kazi ya mikono yake, na kazi yenyewe ni kutafuta vitu chakavu na kuviuza mtandaoni.

Yule kijana alicheka. Kisha akaona mama hacheki.

"Nipeni msimu mmoja wa korosho," Madamu alisema. "Ukiisha na shughuli yangu haijasimama, nitafunga mizigo mwenyewe, na hamtanisikia nikinung'unika."

Wakakubaliana hivyo. Mkubwa alipokuwa anaondoka alinishika mkono, akaniomba nimwangalie mama, kwa sauti ile watu wanayotumia wanapokabidhi mgonjwa. Nilimjibu kwamba nitajitahidi. Ukweli ni kwamba moyoni nilimpa Madamu wiki chache, lakini nilitaka ashinde, na nilitaka sana.

Wanawe walidhani anasubiri msimu ili achuuze korosho. Hawakukaa kusini muda wa kutosha kujua kwamba huku msimu wa korosho ni msimu wa vitu vipya. Mkulima akilipwa, sofa inaingia, kitanda cha sita kwa sita kinaingia, televisheni inaingia, na kwa kuwa nyumba haitanuki, cha zamani kinatoka. Kinaanza kuwekwa barazani, halafu nyuma ya nyumba, mwisho kuku wanahamia. Madamu aliyajua hayo tangu alipokuwa akiwatembelea wazazi wa wanafunzi wake. Basi wanunuzi wengine wakienda kijiji cha Ziwani na mizani ya korosho, yeye alikwenda na sumaku, tochi na ndimu. Sumaku ilimwonyesha shaba ipi ya kweli na ipi ni chuma kilichopakwa rangi, tochi ilitafuta mchwa, na ndimu ilionyesha kilichoko chini ya masizi. Pua alikuwa nayo mwenyewe. Alifungua kabati la watu, akaingiza kichwa chote, akanusa. Likinuka karafuu, alisema, limetunzwa. Likinuka panya, limetunza panya.

Hakuwahi kuingia nyumba ya mtu akauliza kama kitu kinauzwa. Aliomba maji ya kunywa. Akiletewa alikaa, akauliza mvua, akauliza wajukuu, na macho yake yakawa yanatembea taratibu ukutani mpaka darini. Mara nyingi mwenyeji ndiye aliyeanza kusema, "Madamu, lile kabati nalo limetuchosha." Na penye msiba hakununua kabisa mpaka arobaini ipite, hata kama wafiwa wenyewe wamemwita. Safari moja mchuuzi mwingine kutoka mjini alimtangulia kwenye nyumba ya marehemu, matanga hayajaanuliwa, akabeba viti na saa ya ukutani. Nilimwambia Madamu amepitwa. Akasema mwacheni achukue. Arobaini ilipopita, mjane alimwita, akamtolea chini ya kitanda dele la kahawa la shaba ambalo yule mchuuzi hakuonyeshwa. Lilikwenda Zanzibar, na kwa wiki nzima Madamu alitembea Rahaleo kama bibi harusi.

Mjini kwenyewe alikuwa mtu wa mitumba. Siku ya kufungua belo, vijana wa sokoni wanajaa, viwiko vinafanya kazi, na mwenye huruma anaondoka na soksi moja. Madamu alifika amejitanda khanga, mkoba kwapani. Wale vijana karibu wote walipita mikononi mwake darasani. Wakimwona wananyooka, mikono nyuma, "Shikamoo Madamu," na kabla kiitikio hakijamalizika mkono wake umeshazama kwenye belo hadi begani. Walikuja kuushtukia mchezo huo baada ya muda mrefu, lakini wangefanya nini? Huwezi kuacha kumwamkia mwalimu wako kwa sababu ya koti.

Kuhusu mtandao alikuwa na ugomvi na methali. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," watu walimwambia, hasa wale walioona ni aibu mwalimu mstaafu kuanika mabakuli ya watu kwenye simu. Yeye alisema aliyetunga methali ile alikuwa na duka barabarani. Kizuri kilichoko Ziwani nyuma ya banda la mbuzi hakijiuzi, kinaoza. Basi akavitembeza. Alikodi bajaji mpaka Mikindani, akaweka birika au kigoda chake mbele ya kuta zile za kale za mawe, akapiga picha asubuhi jua likiwa laini. Mzee mmoja mwenye ukuta alilalamika kwamba nyumba yake inatumika bila yeye kutajwa. Tangu hapo kila picha iliyopigwa pale iliandikwa chini, "Ukuta kwa hisani ya mwenyewe," na mzee akawa anamfagilia mahali kabla hajafika.

Na maelezo yake! Wenzake mtandaoni waliandika kitu kikali, bei poa, wahi. Madamu aliandika kama anayesahihisha mtihani. "Sinia lina kutu pembeni, upande wa kushoto. Kabati lina mlango unaogoma wakati wa mvua. Usije ukasema hukuambiwa." Nilimshauri apunguze ukweli kidogo, biashara ni biashara. Akanitazama juu ya miwani mpaka nikakumbuka nina nguo za kuanua.

Lililompa wafuasi ni kuku. Ziwani aliona beseni la bati la zamani, limenakshiwa maua mekundu ndani, halijabanduka hata ua moja. Shida ni kwamba ndani yake mlikuwa na kuku anaatamia. Mwenye nyumba alikuwa tayari kumfukuza, Madamu akakataa. Mteja wake wa Iringa, aliyekwisha kukubali, akaandikiwa kwamba beseni liko kazini. Kila alipopita kule Madamu alipiga picha, kuku akimkodolea macho ya kumlaani, na watu wasiomjua wakaanza kuulizia hali ya mayai. Vifaranga walipototolewa, ukurasa wake ulijaa pongezi kama amezaa yeye. Yule wa Iringa alilipokea beseni lake, akaandika kwamba ameliweka sebuleni na hathubutu kulitilia maji.

Usidhani nyumbani kwake palikuwa kama jumba la makumbusho. Ajabu yake ndiyo hiyo. Viti vyake vilikuwa vya plastiki, vipya, vyeupe. Kitanda chake cha dukani, vyombo vyake bado vina karatasi za dukani kwenye kitako. Kitu cha kale hakikulala ndani kwake zaidi ya inavyolazimu. Nilipomuuliza, akanijibu, "Jirani, mimi vya kale nimevitumia vikiwa vipya. Yatosha." Aliuchukia uongo, lakini ukimuuliza amekipata wapi kitu alisema "kule chini," na kule chini kwake kulianzia Mikindani kukaishia Ruvuma. Kwa wachuuzi alikuwa mgumu kama embe bichi. Lakini bibi kizee akimtajia bei ndogo mno kwa kutokujua, alimsimamisha, akamwambia kitu hicho kina thamani kuliko hiyo, ataje tena. Wachuuzi wenzake walisema anaharibu soko.

Sasa nije kwenye kitanda, maana ndicho kilichoshika hatima yake msimu ule.

Kilikuwa kitanda cha samadari, kirefu, miguu ya kuchonga, kichwani kimekatwa nakshi za majani. Kilikuwa cha bibi mmoja wa Ziwani, na mwanawe alikuwa amemnunulia kipya cha sita kwa sita. Madamu alikipiga picha mahali pale pale kilipo, kimekolea rangi ile ya mbao iliyoshikwa na mikono ya watu wengi. Mwenye nyumba ya wageni Dar es Salaam akakipenda mno. Akasema kikifika kama kilivyo pichani, vyumba vyake vyote Madamu ndiye atakayevitafutia samani. Hiyo ndiyo shughuli iliyosimama. Hiyo ndiyo ingemfungia mwanawe mdomo. Madamu akawaambia wenyeji atakuja kukichukua Jumamosi.

Nilifuatana naye kwa sababu nilitaka mihogo. Tulipofika, uwanja ulikuwa umefagiliwa, watoto wameogeshwa, mkeka mpya umetandikwa. Na katikati ya uwanja, juani, kitanda kilikuwa kimesimama kikiwa cha kijani. Kijani cha kung'aa, miguu na majani na kila kitu. Ilikuwa rangi ya mafuta iliyobaki walipoupaka msikiti wao.

Bibi alikuja akimshika Madamu mkono kwa mikono yake miwili. "Mgeni hapewi kitu chakavu, mwanangu," alisema. "Tumekipaka langi, kikuchangamkie."

Nilitazama pembeni. Madamu alikisogelea kitanda, akagusa mguu mmoja, kidole kikatoka na rangi. Akakitazama kidole. Kisha akamgeukia bibi, akamshukuru kwa sauti yake ya kawaida, akasema wamemheshimu kupita kiasi. Tukakaa mkekani, tukala ugali wa muhogo na kisamvu, akaomba aongezewe. Watoto walimwonyesha ni nani alipaka upande gani, naye akasifu kila upande.

Njiani, kwenye pikapu, alikuwa akiisugua ile rangi kidoleni hadi tulipokaribia mjini. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Hiki ndicho kilikuwa cha kunibakisha." Nilitaka kulia kwa niaba yake. Jioni akamtumia yule bwana wa Dar picha ya kitanda kama kilivyo, na jibu likaja upesi kwamba hakitaki, na lile la vyumba vingine nalo basi.

Fundi seremala wa mtaani kwetu alisema si tatizo, atakikwangua, atapiga msasa, mbao itarudi. Mimi niliona Mungu ametufungulia mlango. Madamu akakataa. Nikamuuliza kama amepoteza akili.

"Mjukuu wa yule mama ana simu," akasema. "Ananifuatilia. Atamwonyesha bibi yake. Atakiona kimekwanguliwa, atajua nilicheka mlangoni kwake nikanuna njiani. Siwezi, jirani. Nikihama nihame."

Akakitoa uani, akakiweka mbele ya ukuta wetu, akakipiga picha kikiwaka kijani chake. Maelezo yake nayakumbuka, maana niliyasoma nikiwa nimeshika kichwa: "Kitanda cha samadari kutoka Ziwani. Mbao ni nzima, hakina mchwa, kamba zibadilishwe. Nilipokinunua kilikuwa na rangi ya mti. Nilipokwenda kukichukua nilikuta wenyewe wamekipaka, kwa sababu kwao mgeni hapewi kitu kilichochakaa. Rangi ni ya msikiti wao. Anayetaka kukikwangua asikinunue."

Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili mtu wa Lindi akaandika kwamba mama yake alimpakia mgeni kabati rangi ya bluu, na mgeni alipoliona alikaa chini. Mwingine akaleta picha ya kigoda chekundu cha kwao. Mwingine akasema amesoma maelezo yale akiwa ofisini, akatoka nje kumpigia bibi yake simu. Watu wakasambaziana. Mama mmoja wa Tanga, anayeozesha binti, akakinunua kitanda bila kuomba punguzo, akaahidi kwamba kitaingia chumba cha bibi harusi kikiwa kijani vilevile. Halafu wakaanza kuulizia. Hakuna kabati lililopakwa? Hakuna kiti? Hakuna kitu kingine kutoka nyumba ya watu wenye adabu namna hiyo? Madamu alilazimika kukodi pikapu kila wiki, na kila alichokileta kiliondoka na habari ya nyumba kilikotoka. Yule bwana wa Dar naye akarudi. Aliandika moja kwa moja kwamba amefikiri upya, atakichukua hata kikiwa kijani. Hakuwa amesalimu, kwa hiyo unajua alichojibiwa.

Mwaka mpya ulipoingia nilihamishiwa Tanga. Nilirudi Mtwara Pasaka, kuchukua vitu nilivyoviacha, na hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona Madamu. Nilikuta lori mlangoni kwake. Msimu ulikuwa umekwisha, na yule mwanawe mkubwa alikuwa ameshuka, suruali imepigwa pasi, anaangalia uani. Uani hapakuwa na pa kukanyaga. Makabati, vigoda, masinia, vyote vimefungwa kwa magunia ya korosho na vipande vya magodoro, kila kimoja kimebandikwa jina la mtu na mji.

Akamwambia mama yake gari lipo tayari. Madamu akasema ni vizuri, lakini kwanza ale. Akiwa anakula akamweleza, taratibu, kwamba msimu umekwisha na shughuli imesimama. Vitu vyote vile vimeshalipiwa, na baadhi ni vya watu wa Dodoma waliokuwa wanasubiri avitume kwa basi. Mimi niliulizwa kama shahidi wa mwanzo, nikasema ni kweli tupu. Nilifurahi mpaka nikaona haya, kwa sababu kijana alikuwa ameinamia sahani.

Kisha likatoka lile lililokuwa moyoni mwake siku zote.

"Mama, siyo kazi," alisema. "Naona kazi ipo. Ni watu. Wananiuliza mama yuko wapi. Nikisema yuko Mtwara peke yake, wataona tumekutupa."

Madamu aliweka kijiko chini. "Ulipokuwa bweni huko bara, nami nafundisha huku, wenzako walikuuliza mama yuko wapi?"

"Waliuliza."

"Ukawajibu nini?"

Kijana alifikiri, akatabasamu kidogo, tabasamu la kushindwa. Alinyanyuka, akakunja mikono ya shati, akaenda uani, akaanza na kabati kubwa. Tulipakia pamoja, yeye, dereva na mimi, na Madamu akisimamia kama zamani kwenye chumba cha mapishi cha shule, akituonya tusilalie upande wenye nakshi. Mizigo ya Dodoma ilijaza lori lote. Kitanda chake cha dukani na viti vyake vyeupe vilibaki ndani pale pale vilipokuwa.

Lori lilipowashwa, mtaa ulikuwa umeshatoka nje, maana Rahaleo lori halipiti bila mashahidi. Yule mama muuza maandazi wa pembeni alikuja mbio, amefuta mikono kwenye khanga, machozi yakimlengalenga. Akashika mlango wa lori, akamuuliza kijana kama ndiyo wanamchukua Madamu wao.

Kijana akatoa kichwa dirishani. "Hapana, mama," akamwambia. "Yuko kazini."